Maswali ya Wasomaji: Kuchora Chipu za Poka za Seramiki

SWALI: Kwako Mshauri wa Uchapaji, salamu nyingi. Mimi ni msanifu wa michoro hapa Mombasa, na kazi zangu za kila siku ni nembo, kadi za harusi na mabango. Nimepata kazi kwa njia ya intaneti kutoka kwa mteja aliyeko Marekani, ambaye hucheza poka, mchezo wa karata, nyumbani na marafiki zake bila kuwekeana fedha, na anataka seti ya chipu za seramiki, yaani visahani vya kuhesabia dau, zenye picha za pwani yetu: jahazi, mlango wa Lamu na mnazi. Kipenyo ni milimita 39, na thamani alizozitaja ni 25, 100, 500 na 1,000. Nilipomtumia mchoro wa kwanza alijibu kwamba unapendeza lakini hausomeki mezani, na kwamba nimesahau ukingo. Sijawahi kushika chipu ya aina hiyo mkononi. Nimekosea wapi? – M.S., Mombasa

JIBU: Ndugu M.S., tuanze na kitu chenyewe, kwa kuwa hujakishika. Jina la seramiki lisikupoteze: chipu hizi si udongo uliochomwa kama kigae, bali ni visahani vyeupe vya plastiki ngumu vilivyozoeleka kuitwa hivyo sokoni. Mchoro huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, kisha joto la nyuzi za Selsiasi 180 hadi 200 pamoja na mgandamizo hugeuza wino kuwa mvuke, nao mvuke huo hupenya ndani ya plastiki na kubaki humo. Ndiyo njia ileile wanayotumia mafundi wa kuchapa picha kwenye vikombe, na ukienda kwa fundi wa vikombe aliye karibu nawe ukamtazama akifanya kazi kwa nusu saa, utaelewa zaidi kuliko nitakavyoweza kukueleza hapa. Utaona kwamba hakuna wino mweupe. Weupe ni chipu yenyewe iliyoachwa bila rangi. Utaona pia kwamba kingo za rangi hutawanyika kidogo wakati wa joto, kwa hiyo mstari mweupe mwembamba uliopita katikati ya rangi nzito unaweza kumezwa kabisa. Mimi sichori mstari wa rangi ulio chini ya robo milimita, na ule mweupe juu ya rangi nzito huupa karibu nusu milimita.

Sasa tuje kwenye lalamiko la mteja wako. Nadhani ulichora ukiwa umeukuza mchoro ukajaa kioo cha kompyuta, mahali ambapo kila nakshi ya mlango ilionekana. Uchape kwa ukubwa wake halisi, ukate duara hilo, ulibandike juu ya kadibodi, uliweke upande wa pili wa meza ya chakula, kisha ukae na ulitazame jioni kwa mwanga wa taa. Usipoitambua namba mara moja, mchoro haujafika, hata uwe mzuri namna gani. Kwa chipu ya milimita 39 mimi hupendelea namba yenye kimo cha milimita 8 hadi 10, yenye herufi nene zisizo na madoido.

Wewe ni mtu wa pwani, kwa hiyo ifikirie kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Chipu nayo ina mkanda wa pembeni, uwanja wa katikati, na namba. Tofauti ni kwamba jina la kanga huandikwa kwa maandishi madogo sehemu ya chini ya mji, na msomaji husogea karibu alisome, ilhali kwenye chipu jina ndilo linalotangulia na mji hukaa nyuma yake. Ningekushauri uweke picha moja tu katika kila thamani: jahazi kwenye 25, mnazi kwenye 100, na kuendelea. Jahazi lichorwe kwa umbo la tanga na mwili wa chombo pekee. Kamba na mabaharia uwaache. Mlango wa Lamu ndio mgumu zaidi, kwa sababu uzuri wake umo katika nakshi ndogondogo ambazo katika nafasi ya sentimita mbili hugeuka doa. Usiuchore mlango mzima. Chukua ua moja la duara lililochongwa kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, au kwenye kizingiti cha juu, uliweke katikati ya chipu, kisha uchukue ule mnyororo unaozunguka fremu za milango mingi ya Waswahili uufanye kuwa pindo. Mnyororo unafaa sana hapa, kwa kuwa hauna mwanzo wala mwisho, na chipu haina juu wala chini: kila mchezaji huiona kutoka upande wake.

Ukingo ndio uliokosekana, na hili si jambo dogo. Wachezaji hupanga chipu zao kwa minara, mara nyingi ya chipu 20, na aliyeketi mbele yako haoni uso wa chipu zako ila ule wa juu tu. Anachokiona ni kingo. Kwa ukingo huo huhesabu akiba yako, na kwa ukingo huohuo hugundua chipu ya thamani nyingine iliyojificha katikati ya mnara. Chipu ya milimita 39 ina mzingo wa milimita 122.5 hivi na unene wa milimita 3 na kidogo, kwa hiyo ukingo ni utepe mrefu na mwembamba ambao utauchora katika faili lake peke yake. Weka vipande vya rangi vinavyotofautiana kwa idadi na upana kutoka thamani moja hadi nyingine. Muulize mtengenezaji, kabla hujachora, kama anaweza kuhakikisha kwamba kipande cha ukingoni kitakutana na kipande cha usoni. Asipoweza kuhakikisha, usichore mstari unaotakiwa kuanzia usoni na kuteremkia ukingoni, kwa maana ukisogea milimita moja tu kosa litaonekana kwenye kila chipu.

Kuhusu rangi, mazoea ya kasino za Marekani ni nyekundu kwa 5, kijani kwa 25, nyeusi kwa 100 na zambarau kwa 500. Kwa 1,000 ya nyumbani wengi huchagua njano. Ni vyema kuyafuata, kwa sababu mikono ya wachezaji imeshayazoea. Lakini ugeuze mchoro wako wote uwe wa kijivu kisha uutazame. Utakuta nyeusi na zambarau iliyokolea zinafanana mno, na wapo watu wengi, hasa wanaume, ambao macho yao hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani. Ifanye zambarau iwe nyepesi, na uutegemee ukingo kukamilisha tofauti.

Mengine ni ya kawaida katika kazi yako. Chora kwa vekta, yaani mistari inayokuzwa bila kuharibika. Ukilazimika kutumia picha ya pikseli, kipenyo cha milimita 39 kwa pikseli 600 kwa inchi kinahitaji pikseli 921 kabla ya kuongeza ziada ya rangi inayovuka ukingo wa chipu. Omba kiolezo cha mtengenezaji na ukifuate, na ugeuze maandishi yote kuwa maumbo kabla ya kutuma.

SWALI: Mshauri, mimi huwaandalia marafiki mashindano madogo ya poka nyumbani. Naweza kumpa msanifu nembo ya kasino maarufu ya Las Vegas aibadilishe kidogo kwa kuweka jina la familia yetu? Na je, namba ziwe na alama ya dola? – A.K., Minneapolis

JIBU: Ndugu A.K., nembo hiyo ni mali ya watu, na kuibadilisha kidogo hakuifanyi kuwa yako. Mchapaji makini ataikataa kazi hiyo, na msanifu wako atakuwa amechora bure. Jina la familia yenu linatosha kuwa nembo likichorwa kwa uangalifu. Alama ya dola iache, kwa kuwa katika mashindano namba ni alama za mchezo tu wala hazilingani na fedha ya mtu, na nafasi utakayoiokoa itaipa namba upana. Ukipenda lugha yetu ionekane, andika thamani kwa maneno kuzunguka duara: mia, mia tano, elfu. Ni maneno mafupi yanayoweza kurudiwa mara tatu au nne kwa herufi za kutosha kusomeka. “Ishirini na tano” lirudiwe mara mbili tu, lisije likabanana. Agiza chipu chache za majaribio za kila thamani na uzicheze jioni moja kabla ya kulipia seti nzima.