Bibi, tungoje kiwanda?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Newala, nina miaka 26, nimerudi nyumbani na diploma ya uhasibu. Mama anabangua korosho barazani na kuwauzia abiria stendi. Majuzi kwenye mkutano wa kijiji tumeambiwa serikali inatenga maeneo ya viwanda vya korosho huku kusini na ajira zitakuja. Wazee wakaguna. Mmoja akasema maneno hayo anayasikia tangu hajaoa. Wenzangu wengi wameshakwenda Dar es Salaam. Kwa nini miradi ya serikali inakuja kwetu na bado tuko hivi? Na mimi, ningoje kiwanda au nifungashe mizigo niende Dar?

Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Wazee wako hawakuguna bure. Mimi nilikuwa afisa mipango huku kusini kwa miaka mingi, na kiwanda cha kwanza cha korosho nilichoingia nilitumwa kuhesabu mali zake, maana kilikuwa hakifanyi kazi. Ilikuwa 1985. Mlinzi alinifungulia lango, akanipitisha kwenye matuta ya mihogo aliyoilima mpaka mlangoni pa ghala. Ndani kulikuwa na makasha ya vipuri ambayo hayajafunguliwa, grisi ikiwa bado mbichi kwenye karatasi zake. Niliandika: mota, mikanda, beringi. Mlinzi akaniuliza kama nikimaliza kuandika watakuja kuwasha. Sikuwa na jibu. Swali lake sijalisahau hadi leo.

Sikiliza ilivyokuwa. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Sehemu kubwa ikasafirishwa ghafi kwenda India, zikabanguliwe na mikono ya wengine. Serikali ikasema, na ilisema kweli, kwamba kazi hiyo ifanyike hapa. Ikakopa Benki ya Dunia, ikaleta mitambo kutoka Italia na Japani, ikajenga viwanda zaidi ya kumi, vingi vyao huku kwetu. Nia ilikuwa njema kabisa, nami naitetea mpaka kesho.

Ila wakati kuta zinapanda, korosho zilikuwa zinashuka. Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini iliwahamisha watu kwenda vijiji vipya, mikorosho ikabaki nyuma porini, mwendo wa saa mbili kwa miguu, bila wa kuipalilia. Ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa unaovaa maua kama vumbi la unga, ua linakauka kabla halijashika tunda. Bei aliyolipwa mkulima nayo ilikuwa ya kukatisha tamaa. Kufika 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000 nchi nzima. Mitambo yenyewe ilivunja korosho nyingi, na wewe mwana wa Newala huhitaji kuambiwa tofauti ya bei kati ya korosho nzima na vipande. Mama yako akigonga kwa mkono anatoa nzima nyingi kuliko mtambo ule.

Kabla ya hapo yalipita ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja kulima karanga Nachingwea, Kongwa na Urambo. Huku kusini ikajenga reli, na bandari ya kina kirefu Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Bandari ilipofunguliwa 1954, karanga ambazo bandari ilijengewa hazikuwepo. Reli ikakosa mzigo, ikafungwa, mataruma yakang'olewa. Reli ile ilitazamiwa ibebe zao moja, na zao lilipokufa haikuwa na kazi nyingine.

Sasa usiniache hapo ukadhani nasema serikali ikae pembeni. Mimi nilisafiri barabara ya kusini kabla ya Daraja la Mkapa. Masika yakianza, Rufiji ilitukata na nchi nzima. Wagonjwa walikwama, chumvi ilipanda bei, lori lililala Ndundu siku baada ya siku likingoja kivuko. Daraja lilifunguliwa 2003, na hakuna tajiri ambaye angelijenga. Au chukua salfa, dawa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho: watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, ndio waliohangaika na ubwiriunga mpaka mkulima akajua apulize lini na kiasi gani. Biashara ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, bei ikapata uhai, watu wakarudi kwenye mikorosho yao. Msimu wa 2017/18 tulivuna zaidi ya tani 313,000. Daraja halichagui mzigo, na salfa ilimkuta mkulima kwenye shamba alilokuwa nalo tayari. Kiwanda kina mahitaji mengine, na hayo ndiyo nataka uyaulizie kijijini.

Msimu wetu ni Oktoba hadi Januari hivi. Kiwanda kinachotaka kufanya kazi mwaka mzima lazima kinunue korosho za mwaka mzima ndani ya miezi hiyo michache, kwa fedha taslimu, kwenye mnada wa stakabadhi ghalani, ambako korosho za wakulima hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa pamoja, kikishindana na wanunuzi wa kupeleka ghafi India na Vietnam. Wewe ni mhasibu, piga hesabu: kopa Novemba, riba itembee, huku korosho za kubangua Agosti zimelala ghalani. Viwanda hufia hapo, mitambo ikiwa mizima. Kwa hiyo mkutano ujao simama uulize: mtaji wa kununua korosho utatoka wapi, na kwa riba gani? Fundi wa mitambo atakaa Newala au ataitwa kutoka Dar? Chama chetu cha msingi cha ushirika kitakuwa na hisa? Ukijibiwa kwa takwimu ya ajira peke yake, uliza tena, kwa adabu, mpaka ijibiwe.

Kuhusu kungoja: usingoje, na usifungashe bado. Nenda kwenye halmashauri uulizie mikopo ya asilimia kumi. Fungu hilo lina sehemu ya wanawake, ya vijana na ya wenye ulemavu, na kikundi cha mama yako na wenzake kinastahili. Pita SIDO Mtwara, lile shirika la viwanda vidogo, uone mashine za kubangulia za mkono na vyungu vya kuchemshia kwa mvuke. Mvuke unarahisisha kupasua ganda, lakini ule utomvu wake bado unachoma. Nimewashika mikono wabanguaji wengi kwenye mafunzo, vidole vyeusi, ngozi imekakamaa kama gome, wengine wanapaka majivu kabla ya kuanza. Mama yako anastahili glavu kabla ya kiwanda chochote.

Na tafadhali msiuze kangomba, yaani kumuuzia mchuuzi kwa bei ya chini nje ya mnada, hata kabla ya mavuno. Najua Agosti njaa ya fedha inabana, lakini anayeuza korosho ikiwa bado ua hawezi kuwa mbanguaji, maana msimu ukifika hana cha kubangua.

Kaa msimu mmoja. Fungua daftari: kilo ghafi zilizoingia, kilo nzima zilizotoka, vipande, kuni, siku za kazi. Barua yako haikuniambia mama anabangua kilo ngapi kwa siku na abiria wanamlipa shilingi ngapi. Niandikie hayo mwezi Februari, tuyasome pamoja, ndipo tuzungumze habari ya basi la Dar.