Usimwambie mtoto kwamba maneno hayavunji mfupa

Shule ya msingi niliitwa Pikipiki. Nina kigugumizi, na nikisimama kusoma neno la kwanza lilikuwa linagoma kuwaka. Nyumbani nikilalamika nilijibiwa kwamba maneno makali hayavunji mfupa. Leo mwanangu, anayesoma shule ya Kiingereza, amefundishwa msemo uleule kwa wimbo: fimbo na mawe vitanivunja mifupa, lakini majina hayataniumiza kamwe.

Msemo wenyewe sina ugomvi nao. Mwaka 1862 ulichapishwa katika Christian Recorder, gazeti la Kanisa la African Methodist Episcopal la Wamarekani weusi, na tayari ukaitwa wa zamani. Utumwa ulikuwa bado haujafutwa nchini mwao, fimbo waliijua. Ni jibu zuri la kumrushia mchokozi usoni. Mzazi akimpa mtoto anayelia, linageuka amri ya kunyamaza. Mimi nilinyamaza kweli, nikaacha kunyoosha kidole hata pale nilipolijua jibu.

Kwa hiyo anza kwa kumwuliza mtoto ni nani wanaocheka. Anayebuni jina huwa mmoja, ila wanaolikoleza ni wachekaji, na mwalimu akiwemo ndiyo basi tena. Langu lilikolea siku mwalimu wa hesabu aliponiita nalo ubaoni. Nenda kwa mwalimu wa darasa kabla ya kwenda kwa wazazi wa mchokozi (huko mara nyingi mtaishia kugombana mtaa mzima), umwombe jambo moja: walimu wamwite mtoto jina lililo kwenye daftari la mahudhurio.

Utaambiwa ni utani tu, mwanao anadeka. Jamani, utani tunaujua. Mnyamwezi na Mzaramo wanachambana hadi msibani, mtani anadai chake kaburi likiwa halijafukiwa, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Lakini pale kila upande una haki ya kurudishia, na mtani huyohuyo ndiye anayehangaika na shughuli za msiba. Darasa zima likimwandama mtoto mmoja, nani ni mtani wa nani?

Yapo pia majina yasiyosubiri mazungumzo. Enzi za mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa, wapo waliopita njiani wakaitwa "dili". Mtoto akiitwa jina la kumtia bei au la kumfanya mnyama, nenda kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo, na usione haya kufika Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Jibu la mtoto mwenyewe liwe fupi: "Mimi naitwa fulani", kisha aendelee na shughuli zake. Siku za mwanzo watalicheka hilo nalo. Lifanyieni mazoezi nyumbani, wewe ukiwa mchokozi. Ila kama ana kigugumizi, jina lake asiliguse. Wengi wetu ndilo linalotukwama kuliko maneno yote. Huyo mpe "Sitaki", inatosha.