Mtoto kamaliza matone ya rota na bado anaharisha, chanjo ni feki?

Mleta mada, umeuliza kwa nini mwanao wa miezi tisa, aliyemaliza dozi zote za rota, anaharisha na kutapika. Mimi ni muuguzi wa chanjo, na swali hili haliishi kliniki.

Matone yale yanalenga rotavirusi (rota) tu, kirusi kimoja kati ya vingi vinavyoleta kuharisha. Virusi vingine kama norovirusi na adenovirusi, pamoja na bakteria, hayavizuii. Hata rota yenyewe inaweza kumpata aliyechanjwa, ila mara nyingi inapita kidogo tu. Virusi vilivyomo vimedhoofishwa ili vifanye kazi ya maambukizi ya kwanza bila kumlaza mtoto. Ruth Bishop na wenzake waligundua rota Melbourne mwaka 1973, na mwaka 1983 wakaonyesha kwamba vichanga walioipata mapema hawakuumwa sana ilipowarudia. Chanjo imejengwa juu ya hilo.

Kina mama hunishangaa ninapong'ang'ania umri: "Sista, si angekua kwanza?" Hapana. Chanjo ya RotaShield iliruhusiwa Marekani mwaka 1998, ikaondolewa mwaka uliofuata, maana takriban mtoto mmoja kati ya 10,000 alipata tatizo la kipande cha utumbo kuingia ndani ya kingine na kuziba. Rotarix na RotaTeq zilizofuata zilijaribiwa kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000. Hatari iliyobaki ni ndogo mno, lakini tatizo hilo, hata bila chanjo, huwapata zaidi watoto waliovuka miezi minne hivi. Ndiyo maana tunaanza mapema, nami nadondosha taratibu ndani ya shavu, mtoto ameegemea mkono wa mama, asije akatema.

Ukweli mwingine mchungu: katika nchi maskini kinga ni karibu nusu, wakati nchi tajiri inavuka asilimia 85. Kingamwili za mama, lishe na bakteria wa utumboni vyote vinatajwa kuwa sababu. Chanjo ya sindano iitwayo P2-VP8 ilitarajiwa kuziba pengo hilo. Majaribio yakaonyesha haiyashindi matone, ikaachwa. Kwangu nusu hiyo si haba, kwa kuwa huko ndiko watoto wengi hufa kwa kuharisha.

Sasa mpe ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) kidogo kidogo kwa kijiko, zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya. Akilia kwa vipindi huku akikunja miguu, akitoa choo chenye damu, au macho yakibonyea na mkojo kukauka, mkimbize hospitali usiku huohuo.