Aya ya 11 tunaipenda, ya 5 tunairuka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii mmeuliza: unauaminije wakati wa Mungu wakati unachokingoja hakiji? Mi nina digrii ya ualimu, Kiswahili na Historia, nangoja ajira ya serikali mpaka ndugu wengine wameshaacha kuuliza, kwa hiyo najibu nikiwa bado kwenye foleni.

Kungoja kwenyewe kuko hivi. PDF ya majina ya waliopata ajira inashuka kwenye magrupu saa nne usiku, kurasa kibao, simu inakwamakwama, unatafuta jina lako la ukoo, linatokea la mtu mwingine kabisa mmefanana ukoo tu, moyo unaruka alafu unatua. Asubuhi mama mdogo anapiga, "vipi mwanangu, umeona chochote?" Bado mama. "Haya, Mungu ana makusudi." Na hapo ndo wapendwa wanaanza kukutumia Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani na tumaini, nimetumiwa hiyo kuliko salamu za Krismasi.

Naipenda ile aya, ila watu hawaanzii juu. Ile sura ni barua, Yeremia yuko Yerusalemu anawaandikia wenzake waliochukuliwa mateka na Nebukadneza wakapelekwa Babeli. Na ukirudi sura ya 28 kuna nabii Hanania kasimama hekaluni anawaambia watu miaka miwili tu kila kitu kinarudi, vyombo vya hekalu, mfalme, mateka wote. Yeremia mwenyewe akaitikia amina, Bwana afanye hivyo! Yaani hata yeye angependa. Lakini haikutoka kwa Mungu, Hanania akafa mwaka uleule, na barua ikaenda na hesabu nyingine: miaka 70. Sa piga hesabu, aliyesomewa barua akiwa na miaka 40 anarudi lini kwao? Harudi, watu wazima wengi walizikwa hukohuko. Na kabla ya kufika hiyo ya 11, aya ya 5 inawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, ya 6 oeni mzae, ya 7 uombeeni amani mji huohuo mliopelekwa mateka (hii ya 7 ndo ngumu kuliko zote, mi mwenyewe inanishinda siku nyingine). Mungu hakuwaambia fungasheni mizigo mkae mlangoni.

Ndo maana sikubali kwamba kumwamini Mungu ni kuweka maisha pembeni mpaka jibu lije. Dada mmoja tunayesali naye alipata mkataba shule ya binafsi akaukataa, sababu kwenye mkesha aliambiwa mwezi wa tatu hauishi atakuwa na ajira ya serikali. Mwezi ukaisha, nabii akahamia mwezi wa sita. Simcheki hata kidogo, ukiwa na njaa ya habari njema miaka miwili ya Hanania inaingia masikioni haraka kuliko sabini ya Yeremia. Ila ile nafasi ya shule alishachukua mtu mwingine.

Mi nafundisha tyusheni barazani kwa mama mdogo. Ubao ni plaiwudi tumepaka rangi nyeusi, usipoufuta na kitambaa kibichi unabaki mweupe wote, wazazi wanalipa mia tano kwa siku na asiye nayo analeta maharage. Kuna katoto kalikuja kanasoma ba-ra-ba-ra kwa kidole, sa hivi kanasoma mpaka gazeti lililofungiwa maandazi na kananiuliza "ticha, waziri ni nani?" Watu wanasema hiyo ni ya kujishikiza tu. Hapana bwana, hii ni kazi, na hako katoto hakangoji PDF.

Naumia? Naumia sana tu. Dirisha la maombi likifunguliwa naomba tena kama kawaida, na usiku mwingine namuuliza Mungu hata lini, Habakuki aliuliza hivyohivyo na swali lake likaachwa kwenye Biblia halikufutwa.

Ombi langu kwa wachungaji mnaosoma gazeti hili, siku ya ushuhuda maiki mnawapa waliopata tu, aliyepata kazi, mtoto, viza. Jumapili moja mtupe na sisi ambao bado, dakika tano tano zinatosha, hatutalia sana.