Re: Vakyumu ya maji na vumbi imekufa, ninunue ipi ya nyumba na bustani?
Mkuu, kama mota ndo imeungua kama ulivyosema, nunua nyingine tu, ila usibabaishwe na wati. Wati 1800 sijui 2000 ni umeme inaokula, sio nguvu ya kuvuta, we uliza kPa (kipimo cha nguvu ya kuvuta) na lita za hewa inazovuta kwa sekunde. Kwa matumizi yako chukua tenki la lita 20 hadi 30 na lazima liwe na kizibo cha kumwagia maji chini, maana lita 20 za maji ni kilo 20, kuinamisha hiyo mtaroni kila mvua ikinyesha ni kazi kweli kweli. Iwe na tundu la kupulizia pia, unahamishia bomba huko unafukuza majani makavu kwenye pevingi, na bomba lenyewe liwe nene, majani mabichi yanaziba haraka sana. Ukivuta maji toa mfuko wa karatasi weka filta ya sponji, na ukisikia mlio umepanda ghafla ujue boya la ndani limepanda na maji likafunga njia ya hewa, tenki limejaa, zima. Jivu la mkaa lenye moto usithubutu!! Af mitumba ya Marekani ni volti 120, haiendani na umeme wetu, achana nayo. Muulize muuzaji kama ana filta za akiba, kama hana nenda duka lingine.