Usingoje Alama ya X Ukutani

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: “Kaka, nataka kupiga filamu ya Super 8, ule mkanda mwembamba wa sinema wa milimita 8, mtaani kwetu kabla hawajabomoa. Nianzie wapi?” Nimekaa na ujumbe huo siku tatu. Umenitonesha kidonda.

Nilikulia Magomeni, Dar es Salaam, ukingoni mwa Bonde la Msimbazi. Kamera nilikuwa nayo tangu mafuriko ya Desemba 2011, majirani walipohamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kila siku nikisema kesho: mkanda ghali, mwanga mbaya, hadithi haijakaa sawa. Ilipofika Desemba 2015 ukuta wa mama ukachorwa X nyekundu, alama ya kubomolewa, na tingatinga likanitangulia. Nilichokuta ni sakafu tu, ile saruji nyekundu ya sebuleni, na kizingiti kisicho na mlango.

Nikapiga hiyo sakafu. Katriji moja, yaani kasha la mkanda, ina futi 50, yaani picha 3,600. Kwa kasi ya picha 18 kwa sekunde inakwisha kwa dakika tatu na sekunde 20. Nilipiga picha mojamoja, hatua kwa hatua, toka kilipokuwa kitanda cha mama mpaka uani. Nikausafisha mkanda mwenyewe kwa dawa ili picha zitokee, usiku, jikoni. Dawa hiyo inataka nyuzi joto 20, na maji ya bomba ya Dar hayapoi hivyo, basi nikanunua barafu za mifuko kwa jirani nikaizamisha chupa ya dawa kwenye ndoo. Kipande kimoja nikakifukia siku tano kwenye tope la Msimbazi. Jelatini ya mkanda, ule utando unaoshika picha, ni chakula cha bakteria. Kilitoka na madoa yanayotambaa sakafuni kama maji yanayorudi nyumbani. Najivunia kipande kile kuliko chochote nilichowahi kutengeneza. Tamasha moja walikikataa, wakasema mkanda umeharibika. Mpaka leo inaniuma.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Kamera yoyote inayozungusha mkanda inatosha. Katriji itunze kwenye friji, joto letu linaila. Usisubiri hadithi. Piga mlango ungali na mtu wa kuufungua. Bibi wa jirani akichambua mchele barazani, muombe ruhusa, umpige yeye kwanza. Mimi nina sekunde 200 za sakafu, na sina hata moja ya mama amesimama mlangoni. Piga leo, nakusihi, piga leo.

Ukimaliza katriji ya kwanza njoo nayo kwangu. Tanki la kusafishia lipo, na barafu nitaweka.