Reli karibu na ukingo wa meza

Umeuliza kama reli za treni yako ya mfano, ya kipimo cha HO, zinaweza kupita sentimita 2 tu kutoka ukingo wa meza. Kwa maoni yangu hapana, hasa kwenye kona. Katika kipimo hicho, yaani 1:87 (treni ya mfano ni ndogo mara 87 kuliko ya kweli), upana kati ya reli mbili ni milimita 16.5 tu, lakini behewa refu la abiria hufikia karibu sentimita 30, na linapokata kona ncha zake hujitokeza nje ya reli huku tumbo lake likiingia ndani. Tena injini inayoacha reli kwa sababu ya mwendo mkali huelekea upande wa nje wa kona, na reli ikiwa ukingoni, upande huo ndiko itakakoangukia sakafuni.

Acha angalau sentimita 5 kutoka katikati ya njia hadi ukingoni, na kwenye kona ongeza kadiri nafasi inavyoruhusu. Nafasi ikikosekana kabisa, funga kwa skrubu ubavuni mwa meza ukanda wa plastiki ngumu inayopitisha mwanga, uinuke sentimita 6 hivi juu ya reli, kwa sababu kizuizi kifupi huikwaza injini chini tu nayo ikapinduka juu yake.

Kabla ya kupigilia reli, sukuma kwa mkono behewa lako refu kuliko yote, polepole, kona nzima, ukitazama ncha zake zinapita wapi.